Mstari wa Chai Tawini Kwetu

Jumatatu, 4 Machi

Hili sijamwambia mtu yeyote: napenda siasa za chama kuliko kitu chochote duniani. Wenzangu shuleni wamebandika picha za wanamuziki kwenye madaftari. Mimi nimeikariri katiba ya chama kifungu kwa kifungu. Nikiulizwa napenda nini, nasema mpira. Sijui hata unachezwa na watu wangapi.

Sasa jambo lenyewe. Mwenyekiti wa tawi letu anang'atuka. Anasema magoti yamemchosha. Wanaokitaka kiti ni wawili: Mama, ambaye ni katibu wa tawi na fundi cherehani, na Kinyozi wa pale kona. Mama anashonea katika chumba cha nyuma cha ofisi ya tawi, kwa hisani ya Mwenyekiti. Kinyozi ametangaza kwamba akishinda, chumba hicho ndiyo ofisi yake, na cherehani itafute pa kwenda. Kwetu hakuna pa kuiweka. Hata sasa mlango wa nyumbani hugonga kitanda, haufunguki wote. Mama asiposhinda, hatushoni. Tusiposhona, sitaki kuandika kitakachotupata.

Nimewasikiliza watu wakisema kiongozi mpya hupatikanaje. Mwenyekiti kasema kwa maelewano. Kinyozi kasema kwa mvuto. Mama, pini mdomoni, kasema kiongozi ni yule anayebaki kuosha vikombe mkutano ukiisha. Ingekuwa hivyo angekuwa rais siku nyingi.

Jumanne, 5 Machi

Kifungu cha kumi na nne kinasema kura ni ya siri. Nilimwonyesha Mwenyekiti kwa kidole, maana kusema mbele ya mtu naona haya. Akasema siri huleta fitina, tawi letu tangu lianze hupanga mstari. Mgombea anasimama, wanaomtaka wanajipanga nyuma yake, wanahesabiwa, kwisha. Kinyozi kafurahi sana. Nani atamgeuzia mgongo mtu ambaye wiki ijayo atamshikia wembe shingoni?

Mpango wangu wa kwanza. Kwenye kitabu cha historia cha shuleni wameandika kwamba watu humpenda anayekataa madaraka. Asiyetaka ndiye anayebembelezwa. Basi nimemnong'oneza Muuza Maziwa, kwa siri kubwa, kwamba Mama hautaki uenyekiti. Nilimaliza sentensi nzima. Mbele ya mtu!

Alhamisi, 7 Machi

Hawakumbembeleza. Wamemwelewa.

Jirani kampa Mama pole kwa kujitoa. Mwingine kampa hongera. Kinyozi kaja mwenyewe chumba cha nyuma, na futi mkononi. Akasema, "Umefanya la maana, dada. Siasa ina vumbi, na wewe unashika vitambaa vyeupe." Kisha akaanza kupima ukuta. Mama akamuuliza anapima nini. Akajibu anapima tu. Mama akamwambia apime na mlango, aone kama atapita, maana anatoka sasa hivi.

Jioni Mama kazunguka nyumba hadi nyumba kusema hajajitoa. Amerudi miguu imevimba, anataka kumjua aliyeuanzisha uvumi. Niliinamia hesabu ambazo mwalimu hakutupa.

Ijumaa, 8 Machi

Uchaguzi ni kesho. Mpango wa pili, na huu hauna maneno. Mimi si mjumbe, sina kura, lakini nimepewa kazi ya kumimina chai. Wajumbe wengi bado hawajaamua, na nimechunguza: mtu ambaye hajaamua huenda palipo na chai. Mama atasimama dirishani, Kinyozi mlangoni. Kwa hiyo meza ya chai nimeiweka dirishani. Mtu anapanga foleni ya kikombe, kumbe yuko nyuma ya Mama. Akihesabiwa, amehesabiwa.

Nimelala nikicheka ndani ya shuka.

Jumamosi, 9 Machi

Dakika ya mwisho Mwenyekiti akasema jua la dirishani litamuumiza Mama macho. Akawabadilisha. Mama mlangoni, Kinyozi dirishani. Chai yangu, nyuma ya Kinyozi.

Foleni ikaanza. Kila kikombe nilichomimina kilikuwa kura ya Kinyozi, naye anatabasamu kama bwana harusi. Kumwambia mtu sikuweza. Mbele ya umati ulimi wangu huwa jiwe. Nikafanya lililowezekana. Nikabeba birika na kuanza kutembea kuelekea mlangoni.

Foleni nzima ikanifuata, vikombe mkononi. Tulipofika katikati ya ukumbi Mwenyekiti akapaza sauti: kila mtu asimame hapo alipo, tunahesabu.

Mama, wanane. Kinyozi, wanane. Nyuma yangu, kumi na mmoja.

Mwenyekiti akauliza hawa wa katikati ni wa nani. Bibi mmoja akajibu ni wa chai. Kinyozi akasema hiyo ni hongo. Mama akamwambia basi ateme, maana alishakunywa vikombe viwili. Fundi Baiskeli akasema kwa utaratibu wa tawi, mshindi ni huyo binti mwenye birika. Watu wakapiga makofi. Nilitamani nimiminike pamoja na chai.

Mwenyekiti akatuliza ukumbi. Akasema kwa kuwa mshindi hajapatikana, yeye atayavumilia magoti yake mwaka mmoja zaidi. Kwa maelewano. Kisha akaja kwangu kuongezewa chai. Alitembea vizuri sana.

Chumba cha nyuma tumebaki nacho mwaka huo mmoja. Kinyozi kaondoka na futi yake. Mama hakunitazama njia nzima.

Jumapili, 10 Machi

Mama kajua yote. Muuza Maziwa kanitaja, kwa siri kubwa. Mama kasema, "Wewe mtoto, nikikuona tena karibu na uchaguzi, hata wa kiranja wa darasa, nitakushona huo mdomo, na uzi ninao." Nikaapa. Niliapa kwa moyo mweupe kabisa.

Lakini mchana Fundi Baiskeli kanisimamisha nje. Kasema vijana wa tawi wanatafuta mwenyekiti wao. Wamejadiliana, wameona kuna msichana aliyepata watu kumi na mmoja bila kufungua mdomo, na Mama na Kinyozi walihubiri wiki nzima wakaambulia wanane wanane. Akaniuliza, je, nitasimama? Nikatikisa kichwa kukataa. Kichwa kikaitikia.

Nimekaa tangu saa ile nikitafakari. Hapa kuna ugunduzi. Katiba haikusema. Kitabu cha historia hakikusema. Kumbe watu hawamfuati anayewaita, wanamfuata anayetembea kama anajua aendako. Kosa langu jana lilikuwa moja tu: nilisimama. Safari hii sitasimama. Nitazunguka ukumbi mpaka waniidhinishe. Mama hatajua mpaka nishaapishwa, na mwenyekiti hashonwi mdomo.

Hatua ya kwanza ni kupata birika kub

Nyayo. Ni za Mama, na zinakuja huku. Naukalia ukurasa hu