Jiko Lisilo na Moshi, Kabla Mjomba Hajaja

Jumamosi, 4 Oktoba

Mjomba Mwinjuma amekuja kutoka Ngerengere na hukumu mfukoni. Bibi anakohoa. Zahanati wamesema ni moshi wa kuni. Basi, Jumapili ya tarehe 19 Mjomba atarudi, na akikuta Bibi bado anapikia mafiga huku jikoni hakuonekani mtu kwa moshi, Bibi anahamia Kingolwira kwa dada yangu Zuhura. Zuhura ana gesi.

Kwetu sisi Waluguru neno la mjomba si ushauri. Nimemmwagia maji ya kunawa, nimeitikia ndiyo Mjomba.

Hapa hakuna anayesoma, kwa hiyo niandike ukweli. Nimeishi na Bibi hapa Bigwa tangu darasa la pili. Nimekwenda chuo, nimerudi na shahada ya mazingira, nasubiri ajira. Jioni nakaa naye jikoni, ananisimulia watu waliokufa zamani kana kwamba wametoka kidogo kwenda dukani. Ananiita mke mwenzangu. Akiondoka, nani ataniita hivyo?

Lakini sina hisia katika jambo hili. Nina hoja. Kuni si adui. Adui ni kuni kuungua vibaya. Jiko likichaguliwa kitaalamu, moshi unaisha, kikohozi kinaisha, safari ya Kingolwira inaisha.

Zuhura ameweka picha ya moto wake wa gesi kwenye simu. Moto wa buluu. Chini ameandika: Alhamdulillah kwa hewa safi. Moto wa buluu una nini cha kupigwa picha?

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimekwenda mjini, duka la Mzee Rahemtulla. Yupo binti yake Shabnam, tulisoma naye sekondari. Alinipangia majiko ya kuni mstari mzima kama wachumba. Moja fupi, pana, lenye miguu mizito, mdomo mkubwa. Moja refu, jembamba, linang'aa, limebandikwa karatasi ya matokeo ya maabara.

Shabnam aliniuliza nyumbani tunasonga ugali au tunachemsha chai tu. Sufuria yetu ina ukubwa gani? Kuni zetu nene au vijiti? Nikamwambia hayo ni maswali ya watu wanaochagua jiko kwa macho. Mimi nachagua kwa takwimu. Akanitazama kama mtu anayetazama mteja anayepima kofia kwenye goti. Akasema haya Mwajuma, wewe ndiye msomi.

Nimechukua jembamba.

Bibi amelizunguka mara kadhaa. Ameuliza hili ni la kupikia au la kumwagilia maua.

Jumanne, 7 Oktoba

Aibu.

Jiko lilichemsha chai vizuri mno. Nilimwita Bibi aje aone jinsi moshi ulivyokosekana. Akasema anauona unavyokosekana. Mchana akabandika sufuria ya ugali, akashika mwiko, akaanza kusonga. Jiko likaanza kutembea. Sitii chumvi! Kila akisukuma mwiko, jiko linasogea hatua. Nikamwambia asonge polepole. Akanijibu kuwa ugali unaosongwa polepole unaitwa uji. Jiko likafika mlangoni, likajikwaa kwenye kizingiti, likalala. Ugali mchangani. Kuku wa Yustina, jirani yetu, walifika kama walioalikwa.

Bibi hakukasirika. Alisema mke mwenzake kaleta jiko lenye miguu, kesho litajiendea sokoni lenyewe lirudi na nyanya. Akacheka mpaka akakohoa. Akakohoa mpaka akakaa chini.

Hapo sikucheka.

Alhamisi, 9 Oktoba

Shabnam amekubali kulipokea jiko linalotembea na kunipa mabomba ya dohani badala yake. Hakuniuliza limefanya nini. Alitazama tu ugali uliokaukia ubavuni.

Leo fundi Severin amejenga jiko la udongo lisilohama. Mashimo mawili ya sufuria, mlango mmoja wa kuni, dohani inapanda ukutani kwa ndani na kutokea juu ya bati. Zuri! Mafiga nimeyatoa mwenyewe kwa mikono yangu, nikayatupa nyuma ya migomba. Moja lilinidondokea kidole. Sijutii.

Severin ana maneno mengi. Kuni ziwe kavu, zipasuliwe nyembamba. Kila Jumamosi nigonge bomba masizi yaanguke, kisha niyazoe. Juu ya bomba nisiongeze kitu, kofia aliyoiweka inatosha. Nilitikisa kichwa kwa heshima. Huku natikisa, nilikuwa nimeshafikiria maboresho. Popo je? Hapa mlimani popo ni wengi, na bomba la wazi ni nyumba ya bure. Alipoondoka nilipanda na kufunga wavu wa dirishani mdomoni mwa bomba. Matundu madogo. Hata mbu hapiti.

Bibi alisimama anatazama juu. Juu ya moto ndipo ulipo uchaga, ile dari ya fito ambako mahindi yake ya mbegu yananing'inia, meusi kwa masizi ya miaka. Akauliza, na mbegu je? Nikamwambia mbegu nazo zitapumua hewa safi. Akasema mbegu hazijalalamika.

Jumatatu, 13 Oktoba

Ushindi! Ushindi!

Jiko linawaka kama linasoma mawazo yangu. Moshi hakuna. Kikohozi cha Bibi kimepungua, usiku amelala moja kwa moja. Nimepaka kuta chokaa nyeupe. Nimebandika karatasi ukutani: KIFAA CHA KITAALAMU, USIGUSE BILA MAELEKEZO. Bibi aliniuliza imeandikwa nini. Nikamsomea. Akauliza kama chumvi nayo ina maelekezo.

Nimempelekea Zuhura picha ya kuta nyeupe. Amejibu kwa sauti, sauti ile ya upole inayoniudhi. Mdogo wangu mtaalamu, hongera, ila usijichoshe. Bibi nimeshamtandikia kitanda, na chumba chake kina feni. Nikaisikiliza tena na tena kutafuta dharau. Haipo. Hiyo ndiyo mbinu yake.

Kitu kimoja. Bibi hakai tena jikoni jioni. Anasonga ugali, anaepua, anakwenda kukaa nje. Akipita anatazama uchaga, anashika hindi moja, analinusa, analirudisha. Nimemuuliza kuna nini. Amesema hakuna kitu, mke mwenza.

Alhamisi, 16 Oktoba

Nimeona jambo.

Bibi alitoka na kifurushi kwenye kanga yake ya zamani, kakikumbatia kama mtoto. Alitazama nyuma. Nikamfuata nikijificha kwenye migomba. Akaingia kwa Yustina. Akatoka mikono mitupu. Jana nayo alitoka hivyohivyo, nikadhani kapeleka mboga.

Mume wa Yustina ana bodaboda. Kila siku anapeleka abiria Kingolwira.

Sihitaji shahada kuunganisha hayo. Bibi anahama! Anahama kidogo kidogo, kanga leo, shuka kesho, ili siku ya mwisho nisione mzigo mkubwa nikaumia. Ni tabia yake kabisa. Hata nilipokwenda bweni alinificha sanduku lililofungwa mpaka asubuhi ya safari.

Niliingia jikoni nikakaa mbele ya jiko langu. Machozi yakanitoka. Bibi akanikuta, akauliza nina nini. Nikasema ni moshi. Akauliza moshi gani, si nilisema jiko hili halina? Akanifuta kwa ncha ya kanga akasema basi labda nimekaa karibu mno na utaalamu.

Sikumuuliza habari ya kifurushi. Mtu akiamua kuondoka kwa siri, kumuuliza ni kumvua nguo.

Lakini Jumapili bado. Jiko likimpendeza Mjomba, atamkataza kuhama. Mbele ya Mjomba hata Bibi hana ujanja.

Jumamosi, 18 Oktoba

Mvua kutwa, milima yote imejifunika. Kuni nilizopanga kitaalamu chini ya ukingo wa bati zimelowa, maana ukingo wa bati ndipo maji yote yanapomwagika. Sikulitarajia hilo. Nilikuwa nimepima upepo tu.

Jiko leo limenuna. Linawaka, linazima, limetoa moshi kidogo kwenye shimo la pili. Bibi amesema kwa utaratibu sana kuwa leo si ni Jumamosi, na yule fundi si alisema kugonga bomba. Nikamwambia bomba likigongwa masizi yatamwagika kwenye chokaa, na chokaa ndiyo kitu cha kwanza Mjomba atakachokiona. Masizi yatasubiri Jumatatu. Yamesubiri wiki nzima, siku mbili haziyadhuru.

Bibi akasema yeye hajui, yeye hakwenda chuo. Anapenda sana kulisema hilo. Analisema akitabasamu.

Jumapili, 19 Oktoba

Niandike kwa mpangilio.

Mjomba alifika na kanzu nyeupe iliyopigwa pasi hadi inasimama. Zuhura alifika na chupa ya chai na ubani. Nikawaamkia, shikamoo Mjomba, nikawapeleka jikoni moja kwa moja. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Niliwakalisha kwenye vigoda, nikafunga dirisha ili waone kwamba hata likifungwa hapana shida. Nikawasha.

Kuni bado zimelowa. Bomba limejaa masizi. Na juu, wavu wangu umeziba kabisa kama mdomo uliokatazwa kusema. Moshi ulipanda, ukakuta hakuna njia, ukarudi nyumbani.

Ulirudi wote. Nilikuwa nimefika kwenye maneno "kama mnavyojionea" na hakuna aliyejionea chochote. Zuhura alikohoa kwanza. Mjomba akainuka, akapapasa mlango, akagusa bomba, na bomba likaachia masizi ya wiki nzima juu ya kanzu. Tukatoka nje kwa kutambaa. Mjomba alikuwa mweusi kifuani na mweupe mgongoni. Kwa mara ya kwanza Zuhura hakuwa na neno la upole.

Mjomba alikohoa, akajifuta, akasema imetosha. Bibi anakwenda Kingolwira leo hii. Nikasema ndiyo Mjomba. Kisha mdomo wangu ukaendelea peke yake. Nikasema haina neno, vitu vyake vyenyewe vimeshatangulia, nimeona vifurushi, nimeona vikipelekwa kwa Yustina, na kama alitaka kuondoka angeniambia tu, nisingemzuia, ningempakia mwenyewe. Hapo nikajifuta macho. Safari hii moshi ulikuwepo kweli, lakini hakuna aliyedanganyika.

Bibi alinitazama. Akaangua kicheko mpaka akashikilia mgomba.

Akamwita Yustina kutoka palepale. Yustina akaja na kifurushi, akakifungua mbele ya Mjomba. Mahindi ya mbegu! Bibi akaeleza. Tangu jiko langu lianze, uchaga haupati moshi, na wadudu wakaanza kutoboa mbegu. Mvua za vuli ndizo hizi, shamba linasubiri. Basi akawa anayahamishia kidogo kidogo juu ya moto wa Yustina. Hakuniambia kwa sababu nilikuwa na furaha sana, na mtu mwenye furaha namna ile hakatishwi.

Mjomba akasema mbegu si hoja, afya ndiyo hoja. Kwa Zuhura kuna gesi.

Mjomba ni neno la mwisho kwa watu wote isipokuwa mama yake. Bibi alisema gesi ya Zuhura nzuri, na chumba kizuri, na Mungu ambariki. Lakini mbegu atazitundika wapi, kwenye feni? Kuhusu kifua, wiki yote hii amelala vizuri, jiko halina ubaya, wenye ubaya ni ule wavu aliofunga mke mwenzake huko juu. Halafu akasema, na haya nayaandika kama yalivyo, kwamba Zuhura anafanya kila kitu sawasawa, na mzee kama yeye Bibi akikaa mahali ambapo kila kitu kiko sawasawa anakufa kwa kukosa cha kucheka.

Zuhura alitaka kununa, akacheka. Mjomba alijitazama kanzu, naye yakamshinda.

Akatoa masharti. Wavu utoke leo. Bomba nigonge mimi, kila Jumamosi. Kuni zikae ndani zikauke. Mafiga yarudi, lakini nje, kwenye kibanda chenye uchaga, moshi wa mbegu tu, na Bibi asikae humo. Nikasema ndiyo Mjomba.

Bibi habaki kwa sababu ya jiko. Amesema waziwazi. Nimelifikiria sana hilo jioni, nikiwa nimekaa karibu naye.

Jumanne, 21 Oktoba

Nimelifikiria. Bibi amebaki kwa sababu ya jiko. Hayo mengine aliyasema kwa heshima, asimuudhi Zuhura. Takwimu ziko wazi: jiko lipo, Bibi yupo.

Wavu nimeutoa. Kibanda, hata hivyo, ni upotevu. Mafiga mengine, uchaga mwingine, kuni nyingine, kwa ajili ya kupata moshi, wakati dohani yangu inachukua moshi mzuri kabisa kila siku na kuutupa angani bure! Nimeshangaa hakuna aliyeliona. Suluhisho ni rahisi. Bomba linakatwa ndani, chini ya bati, linakunjwa kuelekea kwenye uchaga. Moshi unapita kwenye mbegu, unafanya kazi yake. Jiko moja, kazi mbili. Shabnam amenipa kona ya bomba. Hakuuliza ya nini. Alisema tu atakuja kutusalimia mwisho wa wiki.

Nimelikata leo mchana. Limekaa vizuri sana. Bibi alilitazama kwa muda mrefu, akaniuliza moshi ukishapita kwenye mahindi, unatokea wapi.

Nimemwambia hilo ni suala la awamu ya pili.

Amekwenda kumwita Yustina. Nimemsikia anamwambia aje na kigoda chake.