Bata Dume wa Nguzo ya Kipimo

Alhamisi, tarehe 6

Ndugu Msimamizi wa Bwawa,

Pole na majukumu. Nimepokea onyo lako kuhusu nafasi nne tupu katika daftari la kina cha maji. Unasema ikipatikana ya tano, nahamishiwa stoo. Kwa miaka kumi na tisa nimesoma kipimo kile kila asubuhi saa moja na nusu; kazi nyingine siijui. Naomba basi usome maelezo haya, niliyoyanakili kutoka shajara yangu.

1. Jumatatu, tarehe 3. Nilimkuta bata bukini wa mwituni ameatamia mayai chini ya nguzo ya kipimo. Mimi sikuwa na neno naye. Mumewe ndiye aliyekuwa na neno nami. Alinyoosha shingo, akafoka kama tairi la lori linalotoa upepo, akanitoa mbio hadi getini.

2. Jumanne. Nilikwenda na mwavuli. Mwavuli uko kwake hadi leo.

3. Jumatano. Mlinzi alinicheka: "Mzee wa vipimo, unakimbizwa na kitoweo?" Akatangulia na rungu lake. Dakika tatu baadaye alikuwa juu ya tangi, na daftari la zamu alilisaini huko huko.

4. Leo. Niliazima darubini, nikasoma kipimo kutoka dirishani: mita nne na nusu. Ukakikata kwa wino mwekundu, kwa kuwa kanuni inamtaka msomaji asimame kwenye nguzo. Kanuni naiheshimu. Bata hajaisoma.

5. Linaloniuma kuliko yote: mama wa chai hupita palepale na sinia lake, akasema, "Shemeji, nipishe," naye bata humpisha! Nilipolalamika akanijibu, "Baba wa watu analinda mkewe, wewe unamtolea mwavuli?" Nami nikajaribu kumwita bata shemeji. Alama mbili za mdomo wake ziko nyuma ya paja langu, tayari kwa ukaguzi.

Kwa hiyo naomba onyo langu lihamishiwe jalada la bata. Kama hana jalada, afunguliwe. Lakini fanya haraka, maana bata huyu huwahi kazini kuliko sisi sote, haombi ruhusa, wala haachi lindo. Akikaa mwezi mmoja zaidi, atapandishwa cheo, nasi tutakuwa chini yake. La muhimu: kiota kiondolewe kabla ya kesho saa moja na nusu.

Nisalimie karani, fundi wa pampu na wote nyumbani kwako.

Ni mimi, nikimbiaye kwa heshima zote,
Msomaji wa Kipimo

N.B. Nikiwa nafunga bahasha, dereva wako amefika na boksi la kubebea mayai, kumbe ulishamtuma. Bata dume alikuwa amemrudisha mlinzi tangini, kwa hiyo njia ilikuwa nyeupe. Nilimsindikiza dereva hadi kwenye kiota. Mama bata alipoinuka, niliona yai moja lina ufa, na ndani yake kitu kinagonga. Sijui nini kilinipata, Ndugu Msimamizi. Aliyetanua mikono na kumkimbiza dereva hadi getini hakuwa bata. Mpe pole zangu kwa kiatu chake kilichobaki njiani. Tafadhali usitume mtu mwingine mpaka vifaranga wote watotolewe. Nafasi ya kesho iache tupu. Ufunguo wa stoo nimeshauchukua.