Sindano ya Umra

Leo nimeadhirika. Tena mbele ya mama mkwe, mtu ambaye hata soksi yangu yenye tundu nisingependa aione.

Iko hivi. Mama anakwenda Umra, na kwa kuwa watoto wake wote ni wa kike, mimi mkwe ndiye wa kumsindikiza. Msimamizi wa safari akatuonya kwamba tusipochanjwa mapema homa ya uti wa mgongo, viza tuisahau. Basi asubuhi tukatoka Salale kwa boti, kisha tukapanda gari hadi Kibiti.

Njia nzima mama ana wasiwasi na sindano. Mimi nikajifanya daktari (nimeishia darasa la saba, nauza kamba). Nikamweleza kwamba za mkononi ni zile za watoto. Ya kuvuka bahari ni nzito, huchomwa, kwa adabu zote, pale pa kukalia. Mama akashika tama. Akasema yeye basi atachomwa na mwanamke mwenzake. Nikamwambia asijali, hilo nitalisimamia mwenyewe.

Kufika kituo cha afya, nikamvuta pembeni nesi, kijana mpole wa Kisukuma, nikamnong'oneza kuwa mama anataka nesi wa kike. Akanitazama kidogo, akasema sawa, mwenzake yupo. Akaniambia mimi niingie nijiandae, yeye anafuata dawa kwenye friji.

Nikajiandaa. Nikageukia ukutani, nikapandisha kanzu mpaka kifuani, nikaing'ata, nikashusha bukta magotini. Nikafumba macho (ndiyo, na mimi naogopa). Mara nikasikia mlango unafunguliwa. Nikasema kanzu ikiwa mdomoni, "Bismillahi. Choma tu."

Kisha sauti ninayoijua vizuri mno ikasema taratibu, "Baba, mimi nimekuletea kofia yako. Umeiacha kwenye benchi."

Sijageuka bado, nesi naye huyo nyuma yake na sindano mkononi. Akasema, "Kaka, hii tunachoma begani."

Nilivyovaa sijui. Ninachokumbuka ni kwamba zamu ya mama ilipofika alipandisha mkono wa dera, akachomwa bila hata kukunja uso. Hofu yote ilikuwa imemtoka. Nini kimeitoa, mnajua.

Kwenye boti akakaa mbele, kanipa mgongo, mabega yanamtikisika. Nikaumia moyo, nikadhani mama wa watu analia kwa aibu niliyomtia. Nikasogea nimwombe radhi. Kumbe ana simu sikioni, anacheka mpaka machozi, na anayesimuliwa ni mke wangu.

Sasa tunasubiri siku ya safari, na viti vyetu vimepangwa pamoja hadi Jidda.

Mnaosafiri nje, wahini chanjo zenu. Ila ulizeni kwanza inachomwa wapi, ndipo mguse bukta.