Nzi wa Marion na Macho Yangu

Jumatatu, 6 Machi 1995
Chuo kimefungwa, wanafunzi wamegoma. Mjukuu wangu Marion amerudi hapa mtaani Jericho na chupa mbili za nzi wadogo wa matunda. Ndani ya nyumba ya Mkristo! Anadai ni masomo. Eti machoni mwa nzi kuna vilango vidogo mno. Mwanga ukipiga vinafunguka, chembe zenye umeme zinaingia, nzi anaona. Wa chupa ya kulia wana kasoro: vilango vinajifunga na jua bado linawaka. Kipofu mchana kweupe.

Nikaacha kutafuna. Tangu Krismasi mimi nikitoka juani naona kidogo, halafu weupe mtupu. Ni ugonjwa huu huu!

Jumanne, 7 Machi
Mwanangu Mulama alishaapa: siku nikishindwa kuchambua maharagwe sokoni, ananipeleka kijijini Butere nikakae kwa mkewe. Afadhali kaburi! Jirani aitwaye Wangu, wa kibanda cha pili, ameuliza mbona nimemuuzia mteja mawe. Nikamwambia afute miwani.

Jumatano, 8 Machi
Mpango. Dawa wanywe nzi kwanza. Wakipona, nakunywa mimi. Marion alipokwenda kuoga nikafungua chupa, nikatia maji ya karoti. Zote mbili, wazima wasione wivu. Wakatoka wote! Nikawanasa kwa chujio la chai, nikawarudisha. Nusu huku, nusu kule. Haki bin haki.

Marion amelia. Ameuliza, Kukhu, bibi yangu, hukuona nimeandika kwenye chupa? Nikasema nimeona, tena mwandiko mbaya. Akainua vidole, akauliza ni vingapi. Nikamwambia mkubwa hainuliwi vidole.

Anasema watu hawaugui ya nzi. Huenda ni mtoto wa jicho, anatolewa kwa kisu. Kisu! Machoni! Sijalala.

Ijumaa, 10 Machi
Marion kanipeleka kliniki. Kuna ubao wa alama zenye miguu mitatu, mgonjwa anaonyesha kwa mkono miguu imeelekea wapi. Nikakaa karibu na mlango, nikakariri mikono ya mama aliyenitangulia. Juu, kulia, chini, chini, kushoto. Nimefaulu! Nesi akaandika mzima.

Nikatoka kwa maringo. Jua kali, weupe mtupu. Nikamshika Marion mkono, nikamkemea mpaka langoni: nzi wake, uongo wake, kisu chake. Akajibu kwa sauti nzito kwamba yeye ni Zedekiah, bawabu.

Kosa si langu. Mwanamume mzima anavaaje sweta kama ya msichana?