Barua ya Kunisifu

Jumatatu, 3 Machi

Wiki ya sita kwenye kochi la shemeji. Kochi fupi, mimi mrefu, miguu inalala kwenye stuli. Asubuhi dada kanipa chai bila kunitazama. Shemeji naye kauliza, kwa upole wa kutisha, kama hivyo vyumba huwa navitafuta nikiwa macho. Nikacheka. Yeye hakucheka.

Mke wangu kapiga simu kutoka nyumbani. Tiketi tayari, yeye na binti yetu wanatua Jumapili. Kauliza kama chumba tulichopata kina dirisha. Nikamwambia mawili. Chumba chenyewe hakipo!

Jumanne, 4 Machi

Nimekipata! Juu ya duka la rangi, ngazi safi, sinki halivuji, kodi ya kibinadamu. Mwenye nyumba ni mama mmoja mwenye miwani inayoning'inia shingoni. Kasema hana neno, ila nilete barua ya mwenye nyumba wangu wa zamani, pamoja na namba yake ya simu. Nchi hii hupangi mpaka uthibitishe ulishawahi kupanga. Mimi nimekaa kwa mama, kisha kwa mama mkwe. Nani aniandikie? Mama mkwe? Thubutu!

Nimejiandikia mwenyewe. Miaka kumi na miwili, kodi haijachelewa hata siku moja, mpole, hana makelele, anafuta miguu mlangoni. Barua tamu. Hata mimi ningenipangisha.

Jumatano, 5 Machi

Namba ya simu nimeweka ya Kiredio, tunayekunja naye mashuka kwenye chumba cha kufulia cha hospitali. Huyu anaongea tangu mashine zinapowashwa hadi zinapozimwa. Nimemfundisha muda wote wa mapumziko namna ya kuwa mwenye nyumba wangu. Kauliza mengi: mtaa gani, jua linaingia upande upi, majirani wakoje. Nimefurahi kuona mtu anayefanya kazi kwa moyo.

Alhamisi, 6 Machi

Mama wa miwani kapiga simu tukiwa kazini. Kiredio katoka nje. Dakika arobaini! Mashuka yake nimeyakunja mimi. Karudi anatabasamu, kaniambia nisiwe na wasiwasi, mambo safi kabisa.

Ijumaa, 7 Machi

Mshenzi! Chumba kimechukuliwa. Mama kasema mwenye nyumba wangu ni muungwana kwelikweli, anajua kusikiliza. Kiredio, kusikiliza! Na kumbe, kwa bahati njema, muungwana huyo kahamia mji huu huu na anatafuta pa kukaa. Nikauliza alisema nini juu yangu. Mama kasema alinisifu sana, ila kulikuwa na jambo la kunguni ambalo hakupenda kulizungumzia. Akarudi nyuma hatua moja.

Kiredio leo hakuja kazini. Anahamisha vitu.

Jumapili, 9 Machi

Wamefika. Binti kwenye kochi, mke wangu kwenye godoro la kuazima, mimi chini ya meza. Nilijiandaa kugombezwa. Hakunigombeza. Kauliza tu hayo madirisha mawili yako wapi, kisha akageukia ukutani. Nimeona aibu, na naiandika hapa kwa sababu sina wa kumwambia.

Jumatano, 12 Machi

Mke wangu kapata chumba. Siku tatu! Aligonga kwa msimamizi wa jengo la jirani, akamwambia ukweli wote: mgeni, hana barua wala wa kumdhamini, ana mtoto, anaweza kusafisha ngazi. Ukweli mtupu, mbele ya mtu asiyemjua! Bahati tu hiyo.

Nikabeba masanduku hadi ghorofa ya tatu. Msimamizi kauliza kama na mimi nahamia. Mke wangu kajibu hapana, huyu anaishi kwa dada yake. Kanishukuru kwa kubeba. Binti kanipungia mkono, mlango ukafungwa. Nimekaa kwenye ngazi, nimelia, na sioni haya kusema.

Sasa nimetulia na nimefikiri vizuri. Barua haikuwa na kosa lolote, aliyeniangusha ni Kiredio. Safari hii simshirikishi mtu. Kesho mke wangu atapokea barua ya kunisifu kutoka kwa mke wangu wa kwanza. Sijawahi kuwa na mke wa kwanza, lakini mwandiko wake unavutia sana.