Wagonjwa wa Mafunzo kwa Vitendo

Kwa heshima zote ninazostahili, mimi Naibu Mkurugenzi wa Sera, Uwakilishi na Mambo Yanayofanana na Hayo, nautangazia umma, wazima kwa wagonjwa, kwamba shirika letu la kutetea wagonjwa limemaliza kabisa tatizo la wagonjwa kukosa nafasi katika vikao vinavyowahusu.

Tatizo lilikuwa wagonjwa wenyewe. Ukiwaita kikaoni wanachelewa, kwa kisingizio cha kuumwa. Wakifika wanataka kukaa karibu na choo. Ukiwapa dakika mbili za kuongea wanazitumia zote, tena kuongelea dawa, wakati ajenda inasema wazi kwamba ni zamu ya shukrani. Mmoja aliwahi kulia juu ya kumbukumbu za kikao, ikabidi zichapwe upya.

Ndipo chuo kikatuletea wanafunzi wanne wa sera ya afya, wakiomba mafunzo kwa vitendo ya wiki nane. Vijana wenye afya, wanawahi, kila mtu na kalamu yake. Nikawagawia magonjwa. Yule mrefu nilimpa kisukari. Mapacha niliwapa shinikizo la damu wagawane. Binti mmoja mkimya mwenye miwani nikampa figo. Kila kikao waliugua kuanzia saa tatu kamili, wakapata nafuu wakati wa chai. Mahudhurio ya wagonjwa yakafika asilimia mia moja.

Binti wa figo ndiye aliyeanza kunipa kazi. Wiki ya pili aliingia ofisini kwangu bila kuitwa.

"Shikamoo, bosi."

"Marahaba. Figo zinaendeleaje?"

"Za kwangu nzima. Kuna fundi viatu pale mapokezi, yeye anaumwa kweli. Hospitali imempunguzia zamu za kusafishwa damu, sasa ni mara moja kwa wiki badala ya mbili. Miguu imemvimba. Anaomba barua yetu tu, arudishiwe zamu yake."

"Ana miadi?"

"Hii ni mara ya tano anakuja."

"Basi ameshatuzoea. Mwanangu, sisi tunatetea wagonjwa kwa ujumla wao. Tukianza kumtetea mmoja mmoja, tutafika wapi?"

"Bosi, akiendelea hivi atakufa."

Nilimhurumia, ujana una papara. Nikamweleza kwamba barua zote hupitia Kamati Ndogo ya Barua, na kamati hiyo haijakaa kwa sababu barua ya kuiitisha inasubiri kupitishwa nayo. Akaondoka bila kuaga.

Wiki iliyofuata tukapata ugeni. Mganga mkuu wa hospitali, mama asiyecheka ovyo, alikuja na mwenyekiti wa bodi yetu kujionea jinsi tunavyowashirikisha wagonjwa. Nikafungua mlango wa ukumbi kwa madaha. Kisukari, yupo. Shinikizo la damu, wapo. Lakini kwenye kiti cha figo alikaa mwanamume wa makamo, vidole vina gundi, miguu imejaa mpaka kandambili zimemkaba. Binti alikuwa amesimama nyuma yake. Nikajua chuo kimeongeza mwanafunzi, labda wa masomo ya jioni. Maandalizi yake yalinifurahisha, ingawa kwenye miguu alikuwa amezidisha.

"Jamani, mimi sina mengi," akaanza, akihema. "Siku zikipita sijasafishwa, pumzi haishuki. Silali, nakaa tu. Nina watoto bado wanasoma. Naomba zamu yangu irudi."

"Punguza, kijana," nikamkatiza kwa upole, ili mgeni aone tunavyolea vipaji. "Mgonjwa halisi haongei hivyo. Na huko kuhema kumezidi mpaka hakuaminiki. Hebu anza upya."

Fundi akanigeukia. "Nianze upya kuumwa?"

"Ndiyo. Kuanzia 'jamani'."

Mganga mkuu akaweka kikombe chake mezani. "Huyu ni mgonjwa wangu," akasema. "Na hawa wengine ni nani?"

Kisukari alikuwa anamalizia soda ya pili. "Sisi ni wa mafunzo, mama," binti akajibu. "Mgonjwa ni yeye peke yake. Bosi hajawahi kukutana na hata mmoja, ndiyo maana amemsahihisha."

"Mashine zetu ni chache, na zamu za ziada tunazigawa kwa barua zenu," mganga mkuu akaniambia. "Mwaka mzima haijaja hata moja. Tukadhani watu wamepona."

Akachukua ratiba ya kikao, akaandika nyuma yake kwamba fundi arudishiwe zamu zake mbili kuanzia leo, akagonga muhuri. Dakika moja, bila kamati. Kisha akamgeukia mwenyekiti wa bodi, akanielekezea kalamu. "Huyu apewe mafunzo kwa vitendo." Mwenyekiti alikubali kabla sentensi haijaisha.

Tangazo hili naliandikia kwenye benchi la wodi ya figo, wiki ya pili kati ya nane. Kazi yangu ni kukaa na wagonjwa na kuandika wanachosema. Anayejaza fomu yangu ya tathmini ni fundi viatu, akiwa kwenye mashine. Kwenye "Kuwahi" amenipa nzuri. Kwenye "Kusikiliza" ameacha wazi; anasema tusikate tamaa, bado kuna wiki sita.