Mapigo ya Kiini cha Dunia

Jumatatu, 3 Machi
Mkuu wa idara kaniita. Nisipopata ufadhili safari hii, maabara yangu inageuzwa stoo ya viti. Viti! Miaka yote hii nasikiliza kiini cha dunia, leo nishindwe na viti vibovu. Wafadhili nao hawampi mtu mmoja, wanataka watafiti wanaoshirikiana. Chumba cha pili yuko Bibi Tushirikiane. Jina nimempa mimi, maana hana salamu nyingine. Ana kipimatetemeko kama changu, alichokitega nje ya mji, anataka tulinganishe data. Nimemwambia changu kimeharibika.

Jumatano, 5 Machi
Kifaa changu ni kizima kabisa! Tena kimenasa kitu: kila asubuhi na jioni, dunia inadunda. Ni kiini, hakuna lingine. Mshirika nimepata, asiye na maswali: shemeji yangu, mchimba visima. Kwenye maombi nimemwita mtaalamu wa vina virefu. Mke wangu kanikumbusha kidole kimoja hakivunji chawa. Nimemjibu sina chawa.

Ijumaa, 7 Machi
Mbele ya wafadhili. Shemeji kavaa suti ya harusi yake, kawaambia wazi kuwa yeye akifikia maji hufungasha virago. Haraka nikaonyesha mapigo yangu. Bibi Tushirikiane, naye kaja kuomba na wenzake, akakunja uso. Nikadhani anaona wivu. Wapi! Kaomba ruhusa, kaweka grafu yake chini ya yangu. Kwake dunia imelala fofofo.

"Ndugu yangu," kaniuliza taratibu, "kifaa chako si kiko chini, ukuta mmoja na pampu ya maji?"

Mlinzi huiwasha asubuhi na jioni. Walicheka wote, shemeji wa kwanza. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nayo, baada ya yote niliyoifanyia, ikatulia tuli.

Jumatatu, 10 Machi
Ufadhili kapata yeye. Viti vimeanza kuingia. Jioni kaja, kakalia kimojawapo, kasema jina langu ameliweka kwenye mradi wake na maabara itabaki. Kituo kimoja hakitoshi, anahitaji cha pili, mbali na pampu. "Tulinganishe tu," kasema. Nilikaribia kulia kwa aibu. Nimekubali kwa mikono miwili.

Alhamisi, 13 Machi
Kifaa nimekihamishia kwa shemeji, anakochimba kisima kipya. Leo kimenasa mapigo makubwa kuliko yale! Nimemuuliza shemeji kama ameyasikia. Kasema hasikii kitu, mashine yake ina kelele mno. Bibi Tushirikiane nimemwambia kifaa kimeharibika.